Mche Utaishi au Utakufa? Na Maswali Mangapi Yatosha Kutwambia?

Na Katibu wa Chama



Kama mjuavyo, katika mkutano mkuu ujao liko jambo moja litakalotaka kura zenu, nalo ni hili: je, miche ya mikarafuu ya kitalu cha Chama igawiwe kwa kufuata kanuni ya hesabu, ambayo hukisia miche ya nani itaishi na miche ya nani itakufa? Jambo hili limezua maneno mengi matawini. Wako wasemao kwamba hesabu ni elimu, na mwenye kuikataa elimu amejidhulumu nafsi yake. Wako na wasemao kwamba uhai na mauti viko mikononi mwa Mola, na kalamu ya mwanadamu haifiki huko. Sisi katika ofisi twaona kwamba pande zote mbili zina haki ya kupata maelezo kabla ya kunyoosha mikono, na hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Kwanza twataka kukiri kosa, kwani mficha uchi hazai. Kanuni yenyewe ilitungwa na kijana wetu mmoja, mtoto wa mwanachama, aliyerejea likizo kutoka chuo kikuu. Alichukua madaftari ya kitalu, akaketi nayo siku nyingi, akatuletea kanuni yenye maswali 22. Alipoijaribu juu ya miche ile ile iliyomo madaftarini, ilibainisha karibu kila mche uliokufa. Halmashauri ilifurahi, na sisi tulifurahi kupita wote. Ni sisi tulioandika barua kwa matawi kwamba wale ambao hesabu haikuwapendelea wangoje mwaka mwingine.

Siku chache baadaye alifika ofisini bibi mmoja mjane, mwanachama wa siku nyingi, barua mkononi. Hakugomba. Alivuta kiti, akakaa, akatuuliza: "Wanangu, mmeniuliza kama nina simu ya kugusa kwa kidole. Nataka kujua, huo mkarafuu nitakapoupanda, utanipigia simu?" Tulicheka naye, lakini alipokwisha ondoka hatukucheka tena. Tuliyatazama yale maswali 22 moja moja, tukaona lile la simu, na tukaona jingine lililoiudhi roho yetu zaidi: siku ya juma ambayo mche ulipandwa. Kanuni ilisema kwamba miche ya Alhamisi hufa kuliko ya siku nyingine. Tulipofuatilia madaftari tukakumbuka: Alhamisi moja gari lililobeba miche liliharibika njiani, miche ikapigwa na jua mchana kutwa. Kanuni haikujua habari ya gari. Ilichojua ni Alhamisi, basi ikailaumu Alhamisi.

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza: ni maswali mangapi yatosha?

FUNDI WA BUSISI

Jibu la kwanza tulilipata mahali ambapo hatukulitazamia. Tulikuwa na safari ya kwenda kumwamkia ami yetu anayekaa Busisi, katika Wilaya ya Sengerema, kwenye ukingo wa Ziwa Victoria upande wa Mwanza. Wanachama waliowahi kupita njia hiyo zamani wanakumbuka kivuko cha Kigongo na Busisi: magari yamejipanga, abiria wamekaa juani, na wachuuzi wanapita na mahindi na samaki. Leo huoni hayo. Tangu tarehe 19 Juni 2025 limefunguliwa daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kiasi cha kilomita 3, na ghuba unaivuka kwa dakika chache tu ndani ya gari.

Jirani wa ami yetu ni mzee fundi wa mitumbwi. Tulimkuta chini ya mwembe akikalafati kwa pamba. Baada ya shikamoo na marahaba tulimwuliza kama fundi aweza kusema mtumbwi utaishi miaka mingapi. Akasema aweza kukisia, na kwamba yeye huuliza mambo mawili tu: mbao ni za mti gani, na nani atakayeupaka na kuukalafati kila mwaka. Tukamwuliza: je, mawimbi? Je, mzigo? Je, tabia ya nahodha? Akajibu kwamba hayo yote yana kazi yake, lakini mitumbwi aliyoiona ikifa mikononi mwake si mingi kiasi cha kumfundisha yote hayo. Ule uliozama kwa ulevi wa nahodha ni mmoja. Ule uliopasuliwa na kiboko ni mmoja. Akifanya kanuni kwa kila mmoja, alisema, atakuwa na kanuni nyingi kuliko mitumbwi.

Kisha akaongeza neno la pili, ambalo nalo lina maana kubwa. Mitumbwi mingine aliiuza kwa watu wa Kome na wa Ukerewe, na hakuiona tena. Hawezi kusema imekufa, wala hawezi kusema i hai. Ajualo ni kwamba siku ilipoondoka pwani yake ilikuwa nzima.

Ndugu wanachama, mzee yule hakwenda skuli, lakini mambo mawili aliyoyasema ndiyo yaliyowashughulisha mabingwa wa takwimu kwa miaka mingi. Tutayaeleza moja baada ya jingine.

WALIOPOTEA MACHONI

Tuanze na waliopotea machoni. Tuseme, kwa mfano tu, fundi alitengeneza mitumbwi 10. Mwaka wa pili mmoja ukafa. Mwaka wa tatu mitatu ikauzwa mbali, isionekane tena. Mwaka wa tano mwingine mmoja ukafa. Je, mtumbwi una bahati gani ya kuupita mwaka wa tano?

Mtu mwenye haraka atasema: iliyobaki machoni ni 5 kati ya 10, basi ni nusu. Huyo ameihesabu mitumbwi iliyouzwa kuwa imekufa. Mwingine atasema: iliyokufa ni 2 tu, basi wanaoishi ni 8 kati ya 10. Huyo ameijalia yote iliyouzwa kuwa hai, na hana ushahidi. Njia ya haki ni kwenda hatua kwa hatua. Siku mtumbwi wa kwanza ulipokufa, machoni mlikuwa na 10, wakabaki 9: bahati ni 9 kwa 10. Siku wa pili ulipokufa, machoni mlikuwa na 6 tu, wakabaki 5: bahati ni 5 kwa 6. Zidisha moja kwa nyingine, utapata 3 kwa 4, yaani 75 katika 100. Kila mtumbwi umetoa ushahidi kwa muda ule tu ulioonekana.

Njia hii iliandikwa mwaka 1958 na Wamarekani wawili, Edward Kaplan na Paul Meier. Meier alishughulikia wagonjwa. Kaplan alikuwa akitazama umri wa taa za kukuzia sauti katika nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari. Kila mmoja alifikia jambo lile lile kwa njia yake, wakaunganisha kazi zao. Basi hesabu ya uhai haichagui: mtu, mtumbwi, taa au mkarafuu. Na kabla yao, mwaka 1662, John Graunt wa London alikwisha hesabu vifo vya mji wake, na mwaka 1693 Edmond Halley akatengeneza jedwali la umri wa watu wa mji wa Breslau.

Katika madaftari yetu wako waliopotea machoni wengi: mwanachama ameuza shamba, amehamia Dar es Salaam au Maskati, au hakumkaribisha mkaguzi. Kijana wetu aliihesabu miche yao yote kuwa imekufa. Hilo ni kosa la kwanza la kanuni, na linaumiza tawi lenye wasafiri wengi bila ya sababu.

KANZU ILIYOKATWA KWA KILA MFUPA

Sasa tuje kwenye wingi wa maswali. Mwaka 1972 Mwingereza David Cox alionyesha namna ya kuziweka pamoja sifa nyingi za mtu au kitu, ili kujua kila moja inazidisha au inapunguza hatari ya kufa kwa kiasi gani. Kazi hiyo imesaidia ulimwengu mzima, mahospitalini na viwandani. Lakini ilifungua mlango wa tamaa. Ikiwa naweza kuuliza udongo, kwa nini nisiulize mteremko? Na ikiwa mteremko, kwa nini si umri wa mwenye shamba, idadi ya watoto, simu, na siku ya juma?

Tamaa hii ina hila moja ambayo yafaa kila mwanachama aijue. Kila ukiongeza swali, kanuni hulingana zaidi na madaftari ya zamani. Siku zote. Hata ukiongeza swali la upuuzi, kama vile herufi ya kwanza ya jina la mwenye shamba, kulingana kutazidi kidogo, wala hakutapungua. Kwa hivyo mtu akikwambia, "Kanuni yangu yalingana sana na yaliyopita," amekwambia jambo dogo. Mshoni anaweza kumkatia mtu kanzu kwa kufuata kila mfupa na kila kibyongo, ikamkaa kama ngozi. Lakini kanzu hiyo ndugu yake hawezi kuivaa, na yeye mwenyewe akinenepa kidogo itapasuka. Sisi hatutaki kanuni ya miche iliyokwisha kufa. Twataka kanuni ya miche itakayopandwa masika ijayo.

Je, basi, kiasi gani kinatosha? Hapa wanachama wengi watadhani jibu linategemea wingi wa miche. La. Linategemea wingi wa miche iliyokufa. Mche ulio hai unatuambia kidogo. Mafunzo mengi yako kwa waliokufa, na tena ajabu ni kwamba kadiri tunavyotunza vizuri ndivyo tunavyokuwa na mafunzo machache. Tuseme tena kwa mfano: miche 300 imeandikwa daftarini, na kufika mwisho wa mwaka wa tatu imekufa 24. Mtu akisikia 300 atafikiri ana hazina. Lakini kwa maswali 22, kila swali limepata kifo kimoja na kitu tu cha kujifunzia. Hapo ndipo Alhamisi inapohukumiwa kwa kosa la gari.

Mabingwa wa Marekani, Peduzzi na wenzake, walifanya majaribio na kuyachapisha mwaka 1995, na kutokana nayo ikazoeleka kanuni ya kidole: kwa kila swali moja, uwe na vifo 10 au zaidi. Mwaka 2007 Vittinghoff na McCulloch walionyesha kwamba sharti hilo ni kali kidogo, na kwamba mara nyingi vifo 5 hadi 9 kwa swali huweza kustahimilika. Na miaka ya karibuni Richard Riley na wenzake wamesema kwamba hakuna namba moja ifaayo kila mahali; kila kazi ihesabiwe kwa hali yake. Lakini hata tukichukua kauli iliyo nyepesi, vifo 24 havibebi zaidi ya maswali manne. Na tahadhari: swali la udongo likiwa na majibu matatu, kichanga, kinongo au kinamo, halihesabiwi swali moja bali mawili, kwa kuwa kanuni yapaswa kujifunza namba mbili.

HABARI YA KISESA

Wengine watauliza: haya si maneno ya vitabuni tu? Hapana. Mashariki ya mji wa Mwanza, njia ya Magu, iko kata ya Kisesa. Tangu mwaka 1994 watafiti wamekuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba huko wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki, pamoja na kupima virusi vya UKIMWI. Kazi hiyo inahusiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, na madaftari yake yamo katika mtandao wa utafiti uitwao ALPHA, unaokusanya habari kama hizo kutoka nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kusini.

Swali lao lilikuwa zito kuliko letu: mtu aliyeambukizwa, asipopata dawa, ataishi miaka mingapi? Serikali zilihitaji jibu ili kujua vifo vitakuwa vingapi na mayatima wangapi. Shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI lilitumia kanuni fupi, yenye umbo lililopewa jina la Msweden Waloddi Weibull, ambayo hutaka namba mbili tu: moja ya urefu wa muda, na moja ya kuonyesha kama hatari inapanda au inashuka kadiri siku zinavyokwenda. Kwa nchi maskini walikisia kwamba nusu ya watu wangeishi miaka 9 bila ya dawa. Kisha madaftari ya vijijini yakaanza kusema. Utafiti wa Masaka, Uganda, uliochapishwa mwaka 2002, ulipata miaka 9.8. Habari zilipokusanywa kutoka mahali pengi, mwaka 2007 shirika likabadili kipimo kutoka miaka 9 hadi 11.

Miaka 2 yaonekana midogo. Lakini ikiwa watu walio na virusi ni wale wale kwa idadi, na kila mmoja anaishi zaidi, basi wanaokufa kwa mwaka ni wachache kuliko ilivyodhaniwa, na wanaoambukizwa upya nao ni wachache. Makisio ya dunia nzima yakashuka, na sababu mojawapo ni namba hiyo moja.

Tuna mafunzo matatu hapa. La kwanza: kanuni fupi haikuwa ya aibu. Namba mbili zilizopimwa vizuri zilifanya kazi kubwa, na zilipokosea, kosa lilionekana upesi na likasahihishwa kwa kubadili namba moja. Kanuni yenye namba 40 ikikosea, nani atajua ni ipi iliyokosa?

La pili: ufupi nao una mpaka. Watafiti waliona mahali pengi kwamba aliyeambukizwa akiwa mtu mzima wa makamo huishi muda mfupi kuliko kijana. Kanuni isiyouliza umri huwapunja hawa na kuwapendelea wale. Swali la umri limelipa kodi ya nyumba yake, basi lazima likae.

La tatu: dunia hubadilika. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ulipoanza Tanzania mwaka 2004, makisio ya miaka 11 hayakuwa tena habari ya mtu anayemeza dawa. Kule Busisi tuliliona jambo hilo hilo kwa macho. Wachuuzi wa kivukoni walikuwa mabingwa wa kukisia: wakitazama urefu wa foleni na hali ya upepo walijua utangoja muda gani, na wapike chai kiasi gani. Elimu yao ilikuwa ya kweli. Daraja lilipofunguliwa, elimu ile ikabaki haina foleni ya kuitumia.

MKARAFUU NAO UNA TABIA YAKE

Sisi wakulima twajua kwamba mkarafuu haufi kwa sababu moja katika umri wote. Miaka ya mwanzo hatari ni kubwa: jua la kiangazi, ukosefu wa kivuli, mchwa, na mbuzi wa jirani. Ukishapita hapo hatari hushuka, mti ukatulia. Baadaye, ukiwa mti mzima wenye kuzaa, huja maradhi. Miaka ya 1950 mabwana Nutman na Roberts walifanya utafiti hapa kwetu juu ya kile kifo cha ghafla kinachoangusha majani ya mti mzima na kuukausha kwa muda mfupi, wakakihusisha na ukungu uitwao Valsa eugeniae. Ugonjwa huo hupendelea miti mizima, si miche.

Maana yake ni kwamba hatari ya mkarafuu hushuka, kisha hupanda. Kanuni ya namba mbili kama ile ya Weibull hujua kupanda tu au kushuka tu. Haiwezi yote mawili. Mwenye kutaka kukisia umri wote wa mkarafuu kwa kanuni hiyo ataambiwa uwongo. Lakini sisi hatutaki umri wote. Twataka miaka mitatu ya kwanza, na kwa miaka hiyo kanuni fupi inatosha. Basi ukitaka kuchagua ukubwa wa kanuni, anza kwa kuuliza: nataka kujua nini, na kwa muda gani?

Tena tusisahau mwaka 1872, tufani ilipopiga Aprili na kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, hali Pemba ikasalimika zaidi. Hakuna kanuni ya udongo na kivuli iliyoweza kuliona hilo. Mwenye kanuni na aseme wazi kwamba makisio yake ni ya siku za kawaida.

NAMNA YA KUIPIMA KANUNI

Wanachama watauliza: tutajuaje basi kama kanuni ni fupi mno au ndefu mno? Njia ni hizi.

Kwanza, usiipime kanuni kwa miche iliyoifundisha. Mwalimu hamtahini mtoto kwa aya zile zile alizomwandikia majibu yake. Gawa daftari mafungu, tuseme matano. Funza kwa manne, jaribu kwa la tano, kisha zungusha mpaka kila fungu lipate zamu ya kujaribiwa. Bora kuliko hayo, jaribu juu ya tawi jingine kabisa. Sisi tulifanya hivyo baada ya kurudi safari. Tuliichukua kanuni ya maswali 22 na nyingine ya maswali manne, tukazijaribu juu ya daftari la tawi ambalo halikutumika. Ile ndefu, iliyokuwa bingwa nyumbani, ilishindwa ugenini na ile fupi.

Pili, kila swali litozwe ushuru. Mjapani Hirotugu Akaike alitoa kipimo mwaka 1973 ambacho hukubali swali jipya ikiwa tu faida yake katika kulingana inazidi ushuru uliowekwa. Gideon Schwarz mwaka 1978 aliweka ushuru mzito zaidi, unaokua kadiri daftari linavyokua. Na Robert Tibshirani mwaka 1997 alionyesha, kwa hesabu za uhai, namna ya kuyabana maswali yote kwa pamoja mpaka yale dhaifu yaanguke yenyewe. Sisi wenye karafuu hatuhitaji kufundishwa habari ya ushuru: mzigo usiolipa ushuru wake hauna haja ya kupakiwa.

Tatu, tazama mambo mawili katika jaribio. Chukua miche miwili, mmoja uliokufa mapema kuliko mwenzake. Je, kanuni iliupa ule hatari kubwa zaidi? Ikiwa kwa kila jozi 100 inapatia 50, basi shilingi iliyorushwa juu ingefanya hivyo hivyo. Lakini kupanga vizuri hakutoshi. Kanuni ikisema kwamba katika kundi hili watakufa 10 kwa 100, basi wafe karibu na 10, si 30. Kanuni ndefu mno ina ugonjwa wa kujivuna: mche ulio salama husema ni salama kabisa, na ulio hatarini husema umekwisha.

Nne, na hili halitaki kompyuta: chagua maswali kabla ya kulifungua daftari. Waulize wazee wa shamba ni mambo gani yanayoua mche, andika machache, ndipo uhesabu. Mwenye kuchokoachokoa daftari mpaka apate swali linalong'aa atalipata daima, hata kama ni Alhamisi.

RAI YA OFISI

Baada ya kuyapima hayo, na baada ya kushauriana na kijana wetu, ambaye alilipokea jambo hili kwa adabu na akaifanya upya kazi yake mwenyewe, ofisi yaleta kwenu rai tatu.

La kwanza, kanuni ya maswali 22 iondolewe. Mahali pake iwekwe fupi: je, udongo ni wa kinamo au sivyo? Je, mche ulipandwa mwanzo wa mvua au mwisho wake? Je, una kivuli na maji katika kiangazi cha kwanza? Je, mchwa wapo? Madaftari yakikua na vifo vikiongezeka, ambavyo hatuviombi, swali la tano litazungumzwa, lakini litangoje zamu yake. Na kila mwaka kanuni ipimwe upya juu ya miche mipya.

La pili, waliopotea machoni waandikwe hivyo, pamoja na tarehe ya mwisho walipoonekana, wala wasihesabiwe wamekufa.

La tatu, na hili ndilo kubwa, kanuni isitumike kumnyima mwanachama miche. Hata kanuni nzuri hukisia kundi, haimjui mtu. Itumike kujua wapi pa kupeleka msaada kwanza: makuti ya kivuli, madumu ya maji, mtu wa kushughulikia mchwa. Mwenye shamba gumu ndiye mwenye haja ya kutembelewa, naye tulimwandikia barua ya kungoja.

Barua zile tumezifuta. Yule bibi mjane tulikwenda kwake wenyewe kumwomba radhi. Alitukaribisha uji wa muhogo, akatuonyesha mahali alipokusudia kupanda: penye migomba ya kivuli, karibu na kisima, udongo wa kichanga. Katika yale maswali manne, alikuwa amekwisha yajibu matatu kabla hatujamwuliza, na mchwa hatukuwaona. Alituuliza kama safari hii tutataka kujua habari za simu yake. Tukamwambia hapana, mama, tunataka kujua tu lini uko tayari kupokea miche.

Ndugu wanachama, njooni mkutanoni kwa wingi, na kila tawi lije na daftari lake. Atakayekuwa na swali ambalo anaona linastahili kuwa la tano, na alilete, lakini aje pia na miche iliyomfundisha.

Wassalaam,
Katibu wenu.